Kuongoza Timu Isiyokaa Pamoja

Kazi ya mbali ni kazi inayofanyika nje ya ofisi ya mwajiri kwa njia ya simu, kompyuta na intaneti, ambapo mfanyakazi na msimamizi wake wanaweza kumaliza wiki au miezi bila kuonana. Ziko timu zinazokaa mbalimbali wakati wote, na ziko zinazofuata mpango mseto, siku kadhaa ofisini na siku kadhaa nyumbani. Nyingine zina ofisi mbili au tatu katika miji tofauti na hazijihesabu kuwa timu za mbali, ingawa matatizo yao ni yale yale. Katika hali zote hizo kiongozi amepoteza macho. Ofisini huona bila kutafuta: humtambua aliyekwama kwa jinsi alivyoinamia meza, huyasikia manung'uniko ya koridoni, hujua nani anamsaidia nani wakati wa chai. Kwa mbali hakuna linalojionyesha lenyewe. Yale aliyokuwa akiyapata bure sasa hana budi kuyatengeneza kwa makusudi, na sehemu kubwa ya ujuzi wa uongozi wa mbali ni kuyatengeneza bila kugeuka mpelelezi.

Wazo hili limetangulia janga la Uviko-19 kwa miongo kadhaa. Mhandisi wa Marekani Jack Nilles alianza kulitafiti mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Southern California, akitafuta njia ya kupunguza safari za kila siku za magari mijini. Afrika Mashariki ililazimika kungoja mpaka nyaya za baharini zifike: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali mno kwa kikao cha video cha kila asubuhi. Machi 2020 janga likawatoa watu ofisini ndani ya siku chache duniani kote, na mameneja wengi wakajikuta wanaongoza kwa namna ambayo hakuna aliyewafundisha. Hata hivyo, mipaka ya jambo hili haifai kusahauliwa. Wachumi Jonathan Dingel na Brent Neiman walikadiria mwaka 2020 kuwa asilimia 37 ya kazi za Marekani ndizo zingeweza kufanyika nyumbani kikamilifu, na kwamba katika nchi zenye kipato kidogo sehemu hiyo ni ndogo zaidi. Muuguzi, fundi na mkulima hawamo.

Swali la kwanza la wakurugenzi huwa ni kama walio nyumbani wanafanya kazi kweli. Mojawapo ya majibu yenye ushahidi mzuri lilitoka China. Kampuni ya usafiri ya Ctrip, inayoitwa sasa Trip.com, iliwaruhusu wachumi wakiwemo Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford kufanya jaribio katika kituo chake cha simu cha Shanghai. Wafanyakazi 249 waliojitolea waligawanywa kwa tarehe zao za kuzaliwa, shufwa na witiri. Kundi moja likafanya kazi nyumbani siku nne kati ya tano kwa miezi tisa, jingine likabaki ofisini. Utendaji wa walio nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, zaidi kwa sababu walichukua mapumziko machache na siku chache za ugonjwa, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Matokeo hayo yana upande wa pili usiotajwa sana. Kwa utendaji ule ule, walio nyumbani walipandishwa vyeo mara chache kuliko wenzao wa ofisini. Na walipopewa nafasi ya kuchagua baada ya jaribio, karibu nusu yao walirudi ofisini, upweke ukiwa miongoni mwa sababu kubwa.

Kampuni hiyo hiyo ilirudia jaribio kwa mpango mseto, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Safari hii walihusika wafanyakazi 1,612, baadhi yao wakikaa nyumbani siku mbili kwa wiki. Utendaji na upandaji vyeo havikubadilika, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni mameneja wenyewe. Kabla ya jaribio walikadiria kwa wastani kuwa mpango huo ungepunguza tija kwa asilimia 2.6, ulipokwisha walikadiria kuwa umeiongeza kwa asilimia 1. Hofu yao haikuwa imetoka kwenye ushahidi, ilitoka kwenye kutoona. Huenda ndiyo hofu iliyo nyuma ya amri nyingi za kurudi ofisini, ijapokuwa amri hizo, kama ile ya Yahoo ya mwaka 2013 na ile ya Amazon ya siku tano kwa wiki iliyoanza Januari 2025, hutolewa kwa jina la ushirikiano.

Na hoja ya ushirikiano si ya kupuuzwa. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa anafanya kazi vizuri huku timu inalegea. Watafiti wa Microsoft walipochunguza mawasiliano ya wafanyakazi wake zaidi ya 61,000 wa Marekani katika nusu ya kwanza ya mwaka 2020, waliona kuwa kazi ya mbali iliwafanya watu wawasiliane zaidi na wale waliokwisha kuwazoea, na kamba zinazounganisha idara na idara zikapungua. Hilo halionekani kwenye ripoti ya mwezi. Huonekana baadaye, pale idara mbili zinapogundua zimejenga kitu kimoja mara mbili, au pale mtu anapoacha kazi na haijulikani alikuwa akishughulika na nani.

Kiini cha tatizo kilikwisha kuelezwa vizuri kabla ya yote hayo. Mwaka 2001 Catherine Cramton, mtafiti wa Marekani, alichapisha uchambuzi wa timu 13 za wanafunzi wa shahada za juu za biashara, kila timu ikiwa na watu katika miji na nchi tofauti. Aliona kwamba wanatimu hawakuijua hali ya wenzao, ratiba zao, likizo zao wala ubora wa mtandao wao, na kila upande ulidhani upande wa pili unaijua yake. Ujumbe uliowafikia baadhi haukuwafikia wengine, na hoja ambayo mwandishi aliiona nzito ilisomwa kama jambo la kupita. Kisha likawapo tatizo la ukimya. Mtu asipojibu, je, amekubali, amekataa, amesafiri, hajaelewa, au hana mtandao? Ofisini jibu hupatikana kwa kugeuza shingo. Kwa mbali watu hulijaza pengo wenyewe, na mara nyingi hulijaza kwa kumlaumu mwenzao: mvivu, ana dharau, hajali. Hali ambayo ingeeleza mambo haionekani. Kinachoonekana ni mtu tu.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki ukimya una vyanzo zaidi. Umeme hukatika, bando huisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa pamoja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani kwa siku kadhaa. Meneja aliyekaa Ulaya bila kusoma habari za eneo hili angeweza kuhesabu siku hizo kuwa za uzembe. Chanzo kingine ni heshima. Kijana aliyelelewa asibishane na mkubwa hadharani hatapinga hoja ya mkuu wake kwenye kundi la WhatsApp lenye watu thelathini. Ataandika "sawa, bosi" au "nimeelewa, mama", au atanyamaza. Ana kwa ana mkuu mwenye busara huona uso na kumwita pembeni. Kwenye kundi anaona "sawa" tu, na anaondoka akiamini wamekubaliana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiongozi wa mbali ni kuupa ukimya maana. Hufanya hivyo kwa makubaliano madogo yanayotamkwa na kuandikwa: ujumbe wa kawaida unajibiwa ndani ya muda gani, la dharura linapigiwa simu, anayekosa umeme anamjulisha nani kwa ujumbe mfupi wa kawaida usiohitaji intaneti, na kutojibu pendekezo mpaka siku fulani kunahesabiwa kuwa ni kukubali au la. Upande wa heshima, makubaliano peke yake hayatoshi. Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti wake wa mwaka 1999, alionyesha kuwa timu hujifunza zaidi pale wanaoifanyia kazi wanapoamini hawataaibishwa kwa kuuliza au kukiri kosa. Kwa mbali imani hiyo hujengwa polepole na huvunjwa na sentensi moja. Mbinu inayofaa desturi za hapa ni kutomtaka mdogo apinge mbele ya watu. Mkuu anaweza kumuuliza kila mmoja faraghani kabla ya kikao, kisha akazileta hoja kikaoni bila majina. Anaweza pia kubadilisha swali: badala ya "Mmekubali?", ambalo lina jibu moja tu la adabu, akauliza "Mpango huu ukishindikana, utashindikania wapi?"

Nguzo ya pili ni maandishi. Timu ya mbali inayotegemea mdomo hufanya kila mtu awe mateka wa vikao. Kampuni ya programu ya GitLab, ambayo wafanyakazi wake wametawanyika katika makumi ya nchi, huendesha shughuli zake kwa mwongozo mmoja ulio wazi mtandaoni wenye maelfu ya kurasa. Utaratibu ukibadilika, mwongozo hubadilishwa kwanza, ndipo watu hutangaziwa. Mfano mkongwe zaidi ni Linux, mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki. Maelfu ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuonana wameujenga kwa barua pepe: kila badiliko huambatana na maelezo ya sababu yake, hupitiwa hadharani, na husimamiwa na wahusika wa kila sehemu ambao hupokea mamlaka yao kwa kazi iliyoonekana. Linux ina fundisho jingine pia. Kwa miaka mingi Torvalds alijulikana kwa barua zenye ukali wa kudhalilisha, na Septemba 2018 aliomba radhi hadharani na kujiweka kando kwa muda, wakati mradi ukipitisha kanuni mpya za mwenendo. Neno kali lililosemwa chumbani hupoa; lililoandikwa husomwa tena kila siku na aliyeandikiwa, na husomwa pia na wengine wanaofikiria kujiunga.

Kiongozi anayejua kuandika kazi hueleza matokeo yanayotakiwa, sababu ya kuyataka, mwenye uamuzi wa mwisho, tarehe, na kilichokwisha kujaribiwa. Kuandika "naomba ushughulikie hili haraka" hakumwambii mtu chochote. Hata saa huhitaji uangalifu: katika timu yenye Watanzania na wageni, "tukutane saa tatu" kwa mmoja ni asubuhi baada ya chai na kwa mwingine ni alasiri. Lugha nayo ina uzito wake. Ofisi nyingi za Kenya na Tanzania huongea Kiswahili na kuandika Kiingereza, na katika kuvuka huko maamuzi hupoteza vigezo vyake. Aliyekuwapo kikaoni anajua kilichokusudiwa, aliyesoma kumbukumbu anajua nusu. Timu ambayo wote wanazungumza Kiswahili haina sababu ya kutoandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili. Watu wangezisoma mpaka mwisho, na wasiojiamini katika Kiingereza wangethubutu kuzirekebisha.

Vikao havifutwi na maandishi, bali hubaki kwa yale yanayovihitaji: mgogoro, uamuzi mgumu, habari mbaya, na mazungumzo ya watu wawili. Haya ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote. Nusu saa kila wiki au kila wiki mbili kati ya msimamizi na kila mtu wake, ajenda ikiwa ya mfanyakazi, hurudisha sehemu kubwa ya yale ambayo macho yalikuwa yakiyaona. Msimamizi mwenye shughuli nyingi huyaahirisha haya kwanza, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Kamera si lazima iwashwe kila mara. Jeremy Bailenson wa Stanford alieleza mwaka 2021 jinsi kutazamwa kwa karibu, kujiona mwenyewe kwenye kioo na kukaa bila kusogea kunavyochosha akili, na kwa anayelipia bando mfukoni mwake video ni gharama ya kweli. Tofauti za saa nazo zigawanywe kwa haki. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni Nairobi wakati wa kiangazi cha huko, na ni saa kumi na moja wakati wa baridi, kwa kuwa Afrika Mashariki haibadilishi saa zake. Timu ambayo kila siku watu wale wale ndio wanaokosa chakula cha jioni na watoto wao imekwisha kuonyesha nani ana uzito na nani hana.

Kuhusu usimamizi, njia ya mkato inayojitokeza haraka ni programu za kuchungulia: zinazopiga picha za skrini, kuhesabu mibofyo ya kibodi, kuonyesha nani yuko mtandaoni. Uchunguzi wa Microsoft wa mwaka 2022 ulionyesha pengo lililo nyuma ya biashara hiyo: asilimia 87 ya wafanyakazi walisema wanafanya kazi kwa tija, huku viongozi asilimia 12 tu wakisema wana imani kamili kwamba ndivyo ilivyo. Programu hizo hupima mkono na si kazi. Mhasibu anayefikiria kosa la hesabu kwa dakika ishirini huonekana mzembe, na anayetikisa kipanya huonekana hodari. Watu hujifunza haraka kuitumikia mashine. Sheria nazo zimeanza kuwekea jambo hili mipaka: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali linalojulikana na kwa kiasi kinachohitajika. Kinachofaa kupimwa ni matokeo yaliyokubaliwa mapema, na kuona maendeleo yake mahali ambapo timu nzima inaona. Hilo humtaka kiongozi ajue kazi yenyewe kwa kina, na huenda ndiyo sababu wengine huona ni rahisi kuhesabu saa.

Sehemu ngumu kuliko zote, na isiyopata ufumbuzi wa kuridhisha mpaka sasa, ni malezi ya wafanyakazi wachanga. Ufundi mwingi hupokewa kwa kukaa karibu: kumsikia mkubwa akizungumza na mteja mwenye hasira, kuona anavyokagua hesabu, kuuliza swali dogo ambalo mtu angeona haya kuliandika. Utafiti wa Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais kuhusu wahandisi wa programu katika kampuni kubwa ya Marekani ulionyesha kuwa wanaokaa karibu na wenzao hupata mrejesho mwingi zaidi juu ya kazi zao, na kwamba wanaofaidika hasa ni vijana na wanawake. Ulionyesha pia bei yake: wahandisi wazoefu wanaotoa mrejesho huo hutoa kazi kidogo zaidi ya kwao wenyewe. Kumtenga mkubwa na mdogo huongeza hesabu za leo na kupunguza wataalamu wa kesho.

Andela inaonyesha uzito wa jambo hili Afrika. Ilianzishwa Lagos mwaka 2014 ili kuwafunza vijana uandaaji wa programu na kuwaunganisha na kampuni za ng'ambo, ikafungua vituo Nairobi, Kampala na Kigali. Mwaka 2019 iliwaachisha kazi takriban vijana 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, ikieleza kuwa soko lilitaka wahandisi wazoefu. Mwaka uliofuata ikahamia kwenye kazi ya mbali kikamilifu. Soko la mbali humpenda aliyekwisha kuiva, na haliulizi aliivia wapi. Kampuni za nyumbani zikifuata mkondo huo huo bila kupanga malezi, vijana wa Mwanza na Kisumu watakuwa na intaneti nzuri na hawatakuwa na wa kuwafundisha. Yapo yanayosaidia: kumpangia mgeni mtu mmoja wa kumwongoza kwa miezi mitatu, na kumpunguzia mtu huyo majukumu mengine, kufanya kazi wawili wawili kwenye skrini moja, kumwalika kijana asikilize simu za wakubwa, na wiki za kwanza kuzifanya ana kwa ana inapowezekana. Hakuna linalofidia yote, na kiongozi mwenye vijana wengi ana sababu nzuri ya kudumisha siku za ofisini.

Viongozi wapya hutokeaje katika timu ya namna hii? Radostina Purvanova na wenzake, waliochunguza zaidi ya timu 200 za wanafunzi nchini Marekani, waligundua kuwa katika timu za ana kwa ana watu huwaona kuwa viongozi wale wachangamfu na wasemaji, ilhali katika timu za mtandaoni huwaona hivyo wale wanaopanga kazi, kufuatilia na kuwasaidia wenzao. Ni habari njema kwa wengi ambao ofisi huwasahau kwa upole wao. Lakini kipaji hicho hakikui bila kupewa nafasi. Kuongoza kikao cha wiki, kuandika pendekezo na kulitetea, kumpokea mgeni, kusuluhisha wawili waliokwaruzana, ni madaraka madogo yanayoweza kuzungushwa kwa kila mtu, kila mara yakifuatiwa na mrejesho wa wazi kutoka kwa msimamizi. Anayepandishwa cheo bila kuyapitia hufikia umeneja akijua kazi yake tu.

Mpango mseto unaweza kuwa na hatari yake hapa, ile iliyojitokeza katika jaribio la kwanza la Shanghai ijapokuwa si katika la pili: aliye karibu hupendelewa hata bila nia mbaya. Kinga ni kumbukumbu za kazi zinazopitiwa na zaidi ya mtu mmoja wakati wa kupandisha vyeo, na kanuni kwamba mmoja akiwa mbali kikaoni, wote huingia kila mtu kwa kompyuta yake, ili asiwepo anayebaki kuchungulia chumba kilichojaa vicheko. Kuonana nako kunabaki na nafasi yake. Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress.com, imejulikana kwa kufanya kazi bila makao ya pamoja na kwa kuwakusanya wafanyakazi wake kwenye mikutano mikubwa ya ana kwa ana. Fedha zilizookolewa kwenye kodi ya pango zinaweza kusaidia kulipia nauli, na siku hizo zitumike kwa yale yasiyowezekana mtandaoni, si kwa kusomeana ripoti.

Limebaki suala la mipaka ya muda na gharama. Nyumbani kazi haina mlango wa kutokea, na ujumbe wa bosi wa saa nne usiku husomwa kama amri hata akisema si haraka. Ufaransa imezitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wafanyakazi wao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi tangu mwaka 2017. Ureno ilipitisha sheria mwaka 2021 inayomtaka mwajiri asimtafute mfanyakazi wakati wa mapumziko isipokuwa kwa dharura, na alipie gharama za ziada za umeme na intaneti. Nchini Kenya, muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira ulioletwa Seneti mwaka 2022 ulipendekeza haki kama hiyo. Mahali ambapo sheria haijafika, mkataba unaweza kufika: useme saa za kupatikana, nani ananunua bando na kompyuta, umeme wa akiba unalipiwaje, na mfanyakazi anahesabiwa vipi siku ambayo mtandao wa nchi nzima umekatika.